Ufunguo wa Tammewolde

Nchi yetu haina mwamba.
Chimba Groningen popote upendapo:
mfinyanzi, maji, kisha mfinyanzi tena,
na ukibahatika, jiwe moja la kijivu
lililosukumwa hapa na barafu
kabla hajazaliwa wa kulipa jina.

Kanisa letu limekaa juu ya samadi.
Nasema bila haya. Samadi, majivu, vigae, mifupa ya samaki:
watu wa kale walirundika mzigo juu ya mzigo
bahari isije ikawakuta usingizini.
Watawa na matofali yao walikuja baadaye.

Mimi ni Geessien, mjane wa Wubbo. Nashika ufunguo.
Cheo sina. Kwenye baraza la wazee
naingia na kahawa, natoka na vikombe.
Lakini hakuna mchungaji aliyehubiri humu
kabla mkono wangu haujageuka.

Kisha wakafyonza gesi chini yetu
kama mtu anyonyaye uboho wa mfupa,
na ardhi ikaketi.
Ufa ulianzia dirisha la kaskazini,
ukashuka kwenye ubao wa Amri Kumi,
ukapita kati ya ile ya sita na ya saba.

Fundi alitoka Poland. Bogumil, Mkatoliki,
rozari mfukoni pamoja na misumari.
Mzee Harmannus akasimama ukingoni mwa shimo:
“Huyu atatutilia Papa kwenye zege.”
Bogumil, tope kiunoni: “Bwana alimwambia Petro, wewe ndiwe mwamba.”
“Alisema juu ya ungamo lake, si juu ya mtu!
Msingi ni Kristo. Mwingine hauwekeki.”
“Na funguo je? Ungamo lina mikono?”
Harmannus akafungua kinywa. Mvua ikaingia.

Ng'ambo ya barabara Eltjo alikuwa akisikiliza.
Alikuwa na miaka saba
baba yake alipoondoka na nusu ya kijiji,
kwa kuwa sinodi iliyoketi mbali
ilimvua mchungaji wetu joho kwa barua.
Wakasema: kanisa ni hili lililokusanyika hapa,
haliamrishwi na mkutano.
Wakajenga lao hatua arobaini kutoka letu
(nimezihesabu),
mlango wakaugeuzia upande wa pili.
Miaka sabini na minne
watu wa tumbo moja wamenunua mkate kwa waokaji wawili.

Siku ya nane Bogumil aliniita.
Nilishuka ngazi nikiwa na taa na magoti yangu mabovu.
Chini ya pembe ya mashariki kulikuwa na mawe saba,
hakuna lililochongwa, hakuna mawili yaliyofanana,
na katikati yake mfinyanzi ulioshindiliwa kwa mkono.
Alama za vidole bado zipo.
Vidole vidogo. Vya mwanamke, labda vya mtoto.
“Nani huyu?” akauliza Bogumil.
Nikaingiza vidole vyangu katika vile vishimo.
Kimoja kilinienea.

Barazani sikusema kitu.
Wangeuliza alifanya hivyo kwa azimio namba ngapi.

Jumapili iliyofuata ufunguo ulikataa.
Fremu imeinama, mlango umekaa juu ya kitasa chake.
Harmannus alijaribu. Mchungaji alijaribu, akaumia kidole.
Bogumil alikuwa misani mjini.
Tukasimama kwenye baridi, watu kumi na wanane na Biblia zao.

Eltjo alikuwa njiani kwenda kwao. Akasimama.
Akavuka. Hatua arobaini kwa mguu mmoja mzima
ni safari.
Hakusalimu. Aliinama,
akaweka bega chini ya chuma cha mlango, akainua.
“Geuza.”
Nikageuza.

Hakuingia. Kengele yao ilikuwa imekwisha kulia.
Nilimtazama akirudi, mdogo mdogo,
na kutu ya mlango wetu
imemkaa begani, kwenye koti la Jumapili.
Hakuipangusa. Au hakuiona.